Mkutubi anayependa gemu aanzie wapi?

Swali lililoletwa, kwa ufupi: "Shikamoo dada. Mimi ni mkutubi msaidizi kwenye maktaba ya chuo hapa Tanzania, niko upande wa mifumo. Kompyuta nazipenda tangu mdogo na gemu ndo usiseme. Nilimwambia bosi tuanzishe kona ya gemu, tununue PlayStation, akanijibu maktaba sio banda la gemu. Amekosea? Na naweza kweli kuyaingiza haya mapenzi yangu kwenye kazi, hata kwenye tasnifu ya masters, au niyaache yabaki ya nyumbani?"

Marahaba mdogo wangu, na asante sana kwa swali. Nikujibu kwanza halafu tuingie ndani. Bosi wako yuko sawa kuhusu PlayStation, ila kuhusu gemu zenyewe hayuko sawa. Ukinunua konsoli ukaiweka kona ya maktaba na FIFA ndani yake utakuwa umefungua banda la gemu kweli, tena banda baya kuliko lile la mtaani kwenu, maana la mtaani lina mwenyewe anayeijua kazi yake, ana kontrola za akiba na anajua zamu ni ya nani. Kazi ya maktaba kwa gemu ni ileile tunayofanya kwa vitabu, magazeti na ramani, yaani kukusanya, kueleza hiki kitu ni nini na kimetoka wapi, kukitunza kisife, na kuhakikisha mtu akija kukiulizia miaka hamsini ijayo anakipata na anaweza kukitumia. Ukimpelekea bosi hoja hiyo, mazungumzo yatabadilika kabisa.

Nianze na kisa ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, na ningekuwa wewe ningekitumia hata kwenye utangulizi wa tasnifu. Katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na programa Mmarekani anaitwa Will Crowther, alikuwa anafanya kazi BBN, kampuni ya kule Massachusetts iliyojenga vifaa vya ARPANET, ule mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Huyu bwana alikuwa pia mpenzi wa kushuka mapangoni, yeye na mkewe Pat walishiriki kuchora ramani za mapango ya Mammoth Cave kule Kentucky. Ndoa ikavunjika. Akaandika gemu ya maandishi matupu ili mabinti zake wawe na kitu cha kucheza wakija kumtembelea, kompyuta inakuambia uko wapi, wewe unaandika unataka kufanya nini, na taratibu unaingia pangoni. Ilikuwa mwaka 1976 hivi. Gemu ikaanza kuzunguka kwenye mtandao, mwaka 1977 mwanafunzi wa Stanford, Don Woods, akakutana nayo, akamtafuta Crowther, akapata ruhusa, akaiongezea vitu vingi sana, na toleo hilo la watu wawili ndo likaenea kila mahali penye kompyuta kubwa. Toleo la kwanza, la Crowther peke yake, likapotea, na kwa miaka mingi watu waliamini limekwenda moja kwa moja. Mpaka 2005, kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ikapatikana kwenye bakapu ya akaunti ya Woods ya enzi zile za uanafunzi pale Stanford. Mtafiti wa fasihi, Dennis Jerz, akaisoma mstari kwa mstari, akaenda mpaka Kentucky akashuka mwenyewe kwenye lile pango, na 2007 akachapisha makala inayoonyesha sehemu gani za gemu ni pango la kweli, zipi Crowther alizibuni, na kipi kiliongezwa na Woods.

Hebu iangalie hiyo kazi kwa jicho la mkutubi. Mtu analinganisha matoleo mawili ya maandishi, anatafuta lipi la mwanzo, nani aliongeza nini, na maandishi yanahusiana vipi na mahali halisi. Ndo kazi ileile wanayoifanya wanaolinganisha miswada ya tenzi zetu za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na isingewezekana kabisa kama pale Stanford bakapu zisingetunzwa. Hakuna aliyezitunza akifikiria "hii gemu siku moja itakuwa historia", walitunza kwa sababu kutunza ndo utaratibu wao. Hapo ndo maktaba inaingia.

Sasa kwa nini iwe haraka? Kwa sababu gemu inakufa upesi kuliko kitabu, na inakufa kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 taasisi moja ya Marekani, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti ilioufanya kwa kushirikiana na mtandao wa watunza softiwea, ikaonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani, yaani za kabla ya 2010, hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Asilimia 87! Na hiyo ni Marekani, nchi yenye maduka, makumbusho na watu wenye pesa za kukusanya, sasa fikiria huku kwetu.

Kuna kifo cha chombo: flopi inapoteza usumaku, sidii inaliwa na unyevu na joto, zile katriji za zamani zinazohifadhi mahali ulipofikia zina kabetri kadogo ndani na betri ikiisha na kumbukumbu imeondoka. Wewe kama uko Dar au Tanga au Zanzibar unaijua hewa ya chumvi inavyofanya kwenye vifaa. Kuna kifo cha mashine, diski ni nzima ila hakuna kinachoisoma. Kuna kifo cha duka, kama Nintendo walivyofunga maduka yao ya mtandaoni ya konsoli za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na gemu ambazo ziliuzwa humo tu, bila diski wala katriji, zikabaki kwa waliokuwa wameshazinunua. Kuna kifo cha jukwaa, Adobe walipoacha kuihudumia Flash mwisho wa mwaka 2020 gemu nyingi za Flash za kuchezea kwenye brauza zingepotea kimyakimya kama watu wa kujitolea wa mradi wa Flashpoint wasingeziokoa, wakaokoa zaidi ya laki moja. Na kuna hiki cha karibuni ambacho ndo kinanikera zaidi, kifo cha seva. Ubisoft walizima seva za gemu yao ya magari, The Crew, tarehe 31 Machi 2024, na hata mtu aliyenunua diski dukani kwa pesa yake akabaki na plastiki tu, ikawa haichezeki hata ukiwa peke yako. Kutokana na hiyo ikazuka kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni moja mwaka 2025. Nakutajia hii kwa sababu bosi wako ana majarida ya kielektroniki ambayo chuo kinalipia kila mwaka, na yako kwenye seva za watu wengine, mkataba ukiisha yanafungwa. Tatizo ni lilelile, na analijua vizuri sana, ila hajaliona kwa upande wa gemu.

Vyuo vikuu vilivyotangulia vimefanya nini? Nitakutajia viwili tu maana vina tabia tofauti. Stanford walipokea mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyiko wa kijana mmoja anaitwa Stephen Cabrinety, alikuwa anakusanya gemu na softiwea tangu ujana wake, akaona mapema kuliko wengi kwamba hivi vitu vitapotea, akafariki 1995 akiwa na miaka 29 tu, na familia yake ikahakikisha mkusanyiko unafika mahali salama. Ni vitu elfu 15 hivi, maboksi kwa maboksi. Stanford wanazichukulia kama nyaraka adimu, na msimamizi wake kwa miaka mingi, Henry Lowood, ni mwanahistoria wa sayansi na teknolojia na ameandika sana juu ya historia ya gemu. Walishirikiana na taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani kunakili zile diski na kaseti ili data itoke kabla vyombo havijafa.

Chuo Kikuu cha Michigan wao wana mwelekeo mwingine, na mimi binafsi ndo naupenda zaidi. Mwaka 2008 walifungua pale Ann Arbor chumba cha kumbukumbu za gemu chini ya maktaba ya chuo, na humo mtu anaingia ANACHEZA. Konsoli za tangu enzi za Atari zipo, tivi za zamani zipo, mwanafunzi wa uhandisi anakuja kuangalia kontrola zilivyobadilika, wa muziki anakuja kusikiliza, wa saikolojia anakuja na utafiti wake, na wengine wanakuja kucheza tu. Msimamo wao ni kwamba gemu isiyochezwa haijasomwa. Na nakubaliana nao kabisa, gemu iliyofungiwa kabatini bila kuchezwa ni nusu ya kitu, huwezi kujua ugumu wake, kasi yake, sauti inavyokuja ukikaribia kufa. Kwa hiyo usije ukadhani nakuambia usiweke mahali pa kuchezea, hapana, nakuambia pawe na sababu na pafuate mkusanyiko. Usianze na kiti, anza na kitakachosomwa.

Hilo suala la "wanacheza tu" limefika mpaka juu kabisa huko kwao. Marekani kila miaka mitatu ofisi ya hakimiliki inaangalia upya nani aruhusiwe kuvunja kufuli za kidijitali kwa ajili gani. Softiwea za kawaida, maktaba zinaruhusiwa kumfungulia mtafiti akiwa mbali, kwa masharti. Gemu, hapana, lazima aje mwenyewe kwenye jengo. Maktaba na watunza kumbukumbu waliomba hilo libadilike, Oktoba 2024 wakakataliwa tena, na moja ya hofu zilizotajwa ni kwamba watu wangezitumia kwa burudani. Yaani hoja ya bosi wako ndo hoja iliyoshinda Washington! Mimi naona walikosea, kwa sababu riwaya pia watu wanazisoma kwa burudani na hakuna anayemuuliza msomaji kama amecheka. Ila ujue tu kwamba hauko peke yako kwenye hiyo vita.

Tuje nyumbani sasa, hapa ndo nataka ukae.

Gemu zetu ziko wapi? Mwaka 2007 kijana wa Kenya, Wesley Kirinya, alitoa gemu ya 3D inaitwa The Adventures of Nyangi, na baadaye akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Mwaka 2011 ikaja Ma3Racer ya Planet Rackus ya Nairobi, unaendesha matatu kwenye simu, ikashushwa sana kwenye duka la Nokia. Mwaka 2015 Black Division Games wakatoa Nairobi X, ya kupiga risasi, Nairobi imevamiwa na viumbe wa angani. Uganda kuna Kola Studios waliogeuza ule mchezo wa karata wa Matatu ukawa apu ya simu. Hizi ni zile zilizoandikwa kwenye magazeti. Zilizotengenezwa na wanafunzi kwenye miradi ya mwaka wa mwisho, zile za mashindano, zile za mashirika ya kufundisha ukimwi na uraia, nani anazo? Duka la Nokia lenyewe halipo tena. Apu nyingi za Android ambazo mwenyewe hakuzisasisha hazifunguki kwenye simu mpya au Google wameshazitoa. Nyingine hazipo popote zaidi ya laptopu moja ya mtu mmoja, na laptopu zinaibiwa, zinaungua, zinauzwa.

Ndo maana nakuambia huo ndo mkusanyiko wako. Zelda na Mario, gemu za Nintendo, zina watu wao kule Japani na Marekani. Gemu ya matatu ya 2011 isipotunzwa na mtu wa Afrika Mashariki hakuna mwingine atakayeitunza, na ndani yake mna rangi za matatu za miaka ile, nyimbo, jinsi polisi wa barabarani wanavyochorwa, Kiswahili na Sheng za vijana wa wakati huo. Mtafiti wa 2060 atavitaka hivyo vyote.

Na usikusanye gemu tu, kusanya na namna zilivyochezwa. Haya mabanda ya gemu ya mitaani ni historia, PS2 zilizotiwa chipu zikacheza diski za kuchoma, malipo kwa mechi, mshindi anabaki, vibao vilivyochorwa kwa mkono vyenye picha za wachezaji wa mpira. Piga picha vile vibao. Mhoji mwenye banda, rekodi sauti yake, mpe fomu ya ridhaa asaini. Sehemu kubwa ya watu wetu waliifahamu gemu kupitia banda, hawakuwa na konsoli nyumbani, kwa hiyo anayeandika historia ya gemu Tanzania kwa kuangalia mauzo ya konsoli atakuwa ameandika habari ya watu wachache sana.

Kuhusu kazi yenyewe, vitu ambavyo ningetaka uvijue mapema. Kabla ya kila kitu ruhusa. Madevelopa wetu bado wako hai, wengi bado vijana, wako LinkedIn na Instagram, ukimwandikia vizuri anajibu, na hiyo ni bahati ambayo wenzetu wa Marekani hawana maana kampuni zao nyingi zilishauzwa mara tatu na hakuna anayejua haki ni za nani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999 na programu ya kompyuta inalindwa humo, kwa hiyo usipakie gemu ya mtu mtandaoni eti kwa sababu ni ya zamani. Andika barua fupi, omba ruhusa ya kutunza nakala, ya kuionyesha ndani ya maktaba, na kama atakubali ya kuiweka wazi baadaye. Akikubali ya kwanza tu, inatosha kuanza.

Kisha omba zaidi ya gemu. Omba kodi chanzi kama yupo tayari, michoro ya awali, picha za skrini, barua za wateja, tangazo alilotengeneza. Gemu za simu za zamani nyingi zilikuwa za Java, mafaili ya jar na jad, madogo sana, na yanafunguka leo kwenye simu ya Android kwa emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, kama J2ME Loader, ila baadhi ya gemu zilitegemea ukubwa fulani wa skrini au vitufe fulani, kwa hiyo tunza pia simu yenyewe ya Nokia kama utaipata, na toa betri kabla hujaiweka kabatini, zile betri zinavimba zinaharibu kila kitu.

Ukishapata faili, tengeneza cheksamu yake siku hiyohiyo, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na faili, ukibadilika hata kidogo ujue faili limebadilika. Ukae na nakala zaidi ya moja, na zisiwe jengo moja. Stanford tangu 1999 wana mfumo wa maktaba unaoitwa LOCKSS ambao wazo lake lote ni hilo, nakala nyingi sehemu nyingi. Wewe huhitaji mfumo mkubwa, diski mbili za nje na seva ya chuo zinatosha mwanzo, mradi ziangaliwe kwa ratiba na sio siku mtu akikumbuka. Na UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, tafadhali, umeme wetu unaujua.

Halafu katalogi. Hapa ndo utakapomshangaza bosi maana hapa ndo kwake. Kwenye Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, michezo ya ndani ya ustadi iko 794, sataranji 794.1, gemu za kompyuta 794.8, yaani mfumo wenyewe unazijua siku nyingi. Kwenye MARC, muundo wa rekodi za katalogi zinazosomwa na kompyuta, una sehemu ya 538 ya kueleza inahitaji mashine gani, na 753 ya kuandika aina ya mashine, lugha ya programu na mfumo endeshi ili mtu aweze kutafuta "gemu zote za Java za Nokia". Wanakatalogi wa vifaa vya sauti na picha wa Marekani, OLAC, wana mwongozo mzuri wa kukatalogi gemu kwa kanuni za kukatalogi za RDA na orodha ya aina za gemu, upo bure. Tatizo utakalokutana nalo ni matoleo, gemu ya simu inasasishwa mara kumi, lipi ndo unalikatalogi? Mimi ningekatalogi lile ulilo nalo mkononi, niandike namba ya toleo na tarehe niliyolipata na nani alinipa, na nieleze kwenye maelezo kwamba yapo mengine. Usijaribu kukatalogi gemu ya kufikirika, katalogi faili.

Sasa kumshawishi bosi. Hoja ya gemu peke yake inaweza isitoshe, hata mimi kama ningekuwa na bajeti ya maktaba ya chuo ningeuliza maswali. Ila nenda stoo ya tasnifu, angalia zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 na za 2000 zilizokuja na flopi au sidii zimebandikwa nyuma ya jalada, zina data, ramani, programu alizoandika mwanafunzi. Ngapi zinafunguka leo? Maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani iliongoza kujengwa kwa mradi unaitwa EaaSI, kwa teknolojia iliyotokea Chuo Kikuu cha Freiburg Ujerumani, unamwezesha mtu kufungua kompyuta ya zamani, Windows 95 nzima, ndani ya brauza yake, na mafaili ya enzi hizo yanafunguka kama yalivyokuwa. Lengo lao halikuwa gemu, lilikuwa sidii za kamusi, data za utafiti, michoro ya wasanifu majengo. Ila ujuzi ni mmoja! Kutengeneza nakala kamili ya diski, kutafuta draiva, kuhangaika na emuleta mpaka rangi zikae sawa, vijana wa gemu wamevifanya hivi vyumbani kwao kwa miaka kabla maktaba hazijavigusa. Internet Archive walipoweka mashine za gemu za zamani zichezeke kwenye brauza mwaka 2014, na gemu za MS-DOS kama 2,400 mwanzoni mwa 2015, walitumia emuleta zilizoandikwa na wapenzi wa gemu. Kwa hiyo mpelekee bosi pendekezo la kuokoa diski za tasnifu, na gemu za wanafunzi za miradi ya mwaka wa mwisho ziwe sehemu ya pili ya pendekezo hilohilo, kwa vifaa vilevile. Atakusikiliza, na haumdanganyi chochote.

Kuna watu watakushauri utengeneze gemu ya kufundishia wanafunzi kutumia maktaba. Imefanyika, kule Marekani chuo cha Carnegie Mellon walikuwa na gemu ya kupanga vitabu kwenye rafu kwa namba, chuo cha Lycoming walitengeneza moja ya mazimwi ya kufundisha kuepuka wizi wa maandishi. Ni nzuri. Ila nyingi nilizoziona za aina hii ni mtihani uliopakwa rangi, maswali ya kuchagua yenye pointi na beji, na mwanafunzi anayeijua gemu ya kweli anaunusa huo mtego kwa dakika mbili. Kama utafanya, tengeneza na wanafunzi wa kompyuta wa chuoni kwenu, wape tatizo halisi la maktaba, waache wao wabuni, na ikishindikana bado utakuwa na gemu moja ya kuitunza kwenye mkusanyiko wako.

Kuhusu kama hii ni kazi kweli au ni mapenzi ya nyumbani. Ukutubi na kompyuta zilioana zamani. MARC unayoitumia kila siku iliundwa na Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta aliyeingia Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, mwaka 1965 bila kuwa mkutubi, akajifunza ukutubi kwa sababu ya ile kazi. Koha, programu ya kuendesha maktaba, ambayo nadhani hata kwenu ipo maana maktaba nyingi za vyuo huku zinaitumia, ilianzia kwenye maktaba ndogo za Horowhenua kule New Zealand, mfumo wao wa zamani ulikuwa hauvuki mwaka 2000, wakaamua kutengeneza wa kwao na kuugawa bure. Mtu wa mifumo anayependa kufungua vitu aone vinafanyaje kazi anahitajika sana maktaba. Jifunze Linux vizuri, jifunze SQL, lugha ya kuulizia data, ya kutosha kuandika ripoti za Koha mwenyewe bila kumpigia mtu simu, jifunze kuandika programu kwa Python kidogo. Vitakusaidia kwenye gemu na vitakusaidia siku seva ya maktaba ikigoma wiki ya mitihani.

Na tasnifu, ndio, chagua hii, ila usiandike "nafasi ya gemu katika maktaba za vyuo vikuu Tanzania", hiyo ni pana na utaishia kugawa dodoso kwa wanafunzi 200 wakuambie wanapenda gemu. Chukua kitu kimoja kinachoshikika. Kwa mfano, gemu za simu zilizotengenezwa Afrika Mashariki kati ya 2007 na 2015: zilikuwa zipi, zipi bado zipo, ziko kwa nani, zipi zimepotea na zilipoteaje. Utahitaji kupekua magazeti ya wakati huo, kuwahoji waliozitengeneza, kujaribu kufungua kila faili utakalopewa na kuandika kilichotokea. Msimamizi akikuambia gemu sio mada ya kitaaluma, mwambie kwamba bao letu liliandikiwa tasnifu ya udaktari kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1995, na mtafiti alikuja mpaka Zanzibar kukaa na mabingwa wake.

Wiki hii fanya mambo mawili tu. Nenda idara ya kompyuta ya chuo chenu uulize miradi ya mwaka wa mwisho iliyokuwa gemu inatunzwa wapi, nina hofu utaambiwa haitunzwi, basi omba ya mwaka huu kabla wanafunzi hawajaondoka. Na mwandikie developa mmoja, mmoja tu, ambaye gemu yake uliwahi kuicheza ukaipenda. Mwambie uliicheza ukiwa wapi na kwenye simu gani. Halafu muulize kama bado analo faili.